Bustani ya Utulivu Shuleni: Ilikotoka, na Namna Tulivyoipanda

Leo sitazungumza juu ya viwavijeshi, wala juu ya bei ya mbaazi. Nataka tuzungumze juu ya kipande cha ardhi kisichotoa gunia hata moja, na ambacho hata hivyo kimenifanya nikose usingizi kuliko shamba lolote nililopata kulisimamia.

Niliitwa kikaoni na kamati ya shule moja ya msingi katika bonde la mto Mkondoa. Nyuma ya madarasa shule hiyo ina eneo la robo ekari lililobaki bila kazi. Mwalimu mkuu alitaka pawe bustani: miti, maua, viti vichache, mahali pa mtoto kukaa kimya wakati wa mapumziko. Wazazi hawakutaka. Mama mmoja akasimama, kanga yake kaifunga kiunoni, akaniuliza mbele ya watu, "Bibi Shamba, sisi tumekuita utuletee mbegu, wewe unatuletea kivuli?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Mwalimu mkuu alinyamaza mpaka kicheko kikaisha. Kisha akasema, "Mtoto akifiwa hapa shuleni anakwenda kukaa nyuma ya choo. Ndiko peke yake ambako hakuna mtu." Basi, kikao kikaahirishwa kwa wiki mbili, nami nikaambiwa nirudi na maelezo.

Nilipofika nyumbani kwanza nilipiga hesabu, maana mkulima hataki maneno matupu. Robo ekari ikilimwa vizuri, kwa mbegu inayofaa nchi yetu ya joto kama Staha au TMV-1, na mvua isipotukimbia, yaweza kutoa gunia tatu za mahindi. Gunia tatu ni kilo 300 hivi. Shule ile ina watoto wapatao 400. Ukimpimia kila mmoja gramu 50 za unga wa dona kwa kikombe cha uji, kila siku zinakwenda kilo 20. Kwa hiyo robo ekari ile ni uji wa siku 15. Siku 15 si haba kwa mtoto aliyeondoka nyumbani bila chai, na sikutaka kujidanganya kwamba ni kitu kidogo. Yule mama alikuwa na haki ya kuuliza.

Kisha nikaanza kutafuta: haya mambo ya shamba na bustani za shule katika nchi yetu yalianzia wapi? Maana wengi wetu tunadhani yalianza na Azimio la Arusha. Sivyo.

Kabla ya shule yoyote, wazee wetu walikuwa na mahali pa kimya. Waluguru, Wakaguru na Wasagara, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, walitenga vichaka vya tambiko. Humo shoka haliingii, mtu hapigi kelele wala hachumi hovyo. Mwenye shida alikwenda pale na wazee wa ukoo wake. Si bustani ya kupandwa, lakini kazi yake mojawapo ilikuwa hiyo hiyo ya kumtenga mtu na kelele akiwa na jambo zito moyoni. Mpaka leo ukipita vijijini utaona kishamba kimelimwa mpaka ukingoni, halafu katikati pamebaki miti mikubwa ambayo hakuna aliyeigusa.

Bonde la Mkondoa lenyewe lilikuwa njia kuu. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita humu ikitoka bara kwenda Bagamoyo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871. Katika njia kama hizo miembe ilisambaa, na mpaka sasa kwenye miji mingi ya njia ile ya zamani, kama Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mwembe mkubwa ni kama kitabu cha wageni. Lakini kivuli chake wakati ule hakikuwa cha raha kwa kila mtu. Wapo waliopumzika chini yake wakiwa wamefungwa minyororo.

Na ni kwa ajili ya watu hao ndipo shule za kwanza zenye mashamba zilipoanza upande wetu huu. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifungua misheni Bagamoyo, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale walisoma, na pia walilima sana. Misheni ilikuwa na minazi, mboga, miti ya matunda na kahawa, na njia ya kuingilia ilipandwa miembe pande zote mbili. Miembe hiyo ilikuja kuwa maarufu kuliko majengo. Kutoka pale mapadre wakapanda bara, wakafika Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882. Waingereza wa CMS nao walikuwa wameshafika Mpwapwa, na baadaye Mamboya, katika milima ya Wakaguru. Kila walipofika walichimba mfereji, wakapanda miti ya matunda, wakajenga darasa. Mtoto alisoma asubuhi, akashika jembe mchana. Wengine walijifunza ufundi mzuri. Wengine, nadhani, waliona tu kwamba wamebadilishiwa bwana.

Wajerumani walipotawala, kilimo kikawa cha mauzo. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf alileta mkonge, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya mkonge tuliyokuja kuyafahamu sisi Kilosa, huko Kimamba na Rudewa. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1902 walikuwa wameshafungua kituo cha utafiti kule Usambara, mahali paitwapo Amani, na miti ya kigeni ya kila namna ilijaribiwa pale.

Hapa niseme kidogo jambo lililonifurahisha. Mwaka mmoja tu kabla ya kituo cha Amani, yaani 1901, mshairi wa Kihindi Rabindranath Tagore alifungua shule yake huko Bengali, mahali paitwapo Santiniketan. Maana ya jina hilo ni makazi ya amani. Pale watoto walisoma wamekaa chini ya miti, na miti ilihesabiwa kuwa sehemu ya shule, si pambo. Na kabla yake, huko Ujerumani, Friedrich Froebel alikuwa amefungua mwaka 1837 shule ya watoto wadogo, ambayo baadaye aliiita kwa neno la lugha yake lenye maana ya bustani ya watoto. Katika bustani hiyo kila mtoto alikuwa na kitalu chake. Kwa hiyo wazo la mwalimu mkuu wetu si la kizungu wala si la kileo. Limezunguka dunia.

Tukirudi kwetu. Waingereza walipokwisha kuchukua nchi, mwaka 1924 ilikuja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kutazama elimu ya Afrika Mashariki. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na mmoja wao alikuwa Mwafrika, Dk. James Aggrey wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Tume ilisema elimu ilingane na maisha ya kijijini: kilimo, afya, ufundi wa mikono. Tangu hapo shamba la shule likawa sehemu ya ratiba. Katika miaka ya 1940 kikaja kituo cha utafiti cha Ilonga, hapa hapa Kilosa, kikianza na pamba. Katika miaka ya 1950 shule za kati zikapewa mwelekeo wa kilimo, mtoto akitumia saa nyingi shambani. Wazazi hawakuzipenda. Walisema, na walisema kweli, kwamba mtoto wa Mzungu anasoma vitabu na wetu anafundishwa jembe alilozaliwa nalo. Baada ya Uhuru mpango huo ukaachwa.

Na wakati ule ule, ng'ambo ya pili ya Morogoro, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Jambo lenyewe la kuhifadhi udongo lilikuwa jema. Namna ya kulifanya ndiyo iliyokuwa mbaya. Watu hawakuulizwa, amri ikashuka tu. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, na mpango ukafa. Mimi ni mtu wa kilimo, na habari hii huwa naikumbuka kila ninapopewa karatasi yenye maagizo ya kupeleka kijijini.

Ndipo tunafika mwaka 1967. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, kwamba kila shule iwe pia na shamba au kazi ya uzalishaji. Watu wengi wanakumbuka neno shamba peke yake. Lakini aliandika pia kwamba wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, waweke hesabu, waone faida ya jasho lao katika maisha yao pale shuleni. Hilo la pili, ndugu zangu, ndilo lililopotea njiani. Vijiji vikahamishwa, mwaka 1977 elimu ya msingi ikawa ya watoto wote, madarasa yakafurika, walimu wakawa wachache. Shamba la shule likabaki jembe tu. Baya zaidi, likawa adhabu. Umechelewa? Nenda shamba. Umeongea darasani? Nenda kapalilie. Mimi nilisoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1990, na mpaka tunamaliza darasa la saba, kwa akili zetu, jembe na fimbo vilikuwa ndugu. Wakati mwingine nashangaa niliwahije kuipenda kazi hii.

Lakini si haki kusema miaka ile haikupanda kitu. Redio yetu ya taifa iliendesha kampeni za vikundi vya kusikiliza: Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Watu walikaa wakizunguka redio moja, kiongozi akiwa na kitabu mkononi, halafu wakaamua wafanye nini kijijini kwao. Mwaka huo huo wa 1980 vilianzishwa vilabu vya Malihai, vikafundisha wanafunzi wanyama na misitu. Mijohoro na miarobaini mingi inayosimama viwanjani mwa shule zetu ina umri wa miaka ile. Wenzetu Kenya walikuwa na Wangari Maathai, ambaye kazi yake ya kupanda miti na akina mama ilianza mwaka 1977. Baadaye, mwaka 1991, Jane Goodall na wanafunzi 12 walianzisha Dar es Salaam vikundi vya Roots & Shoots, ambavyo navyo viliingia mashuleni.

Na pale Mazimbu, Morogoro, katika shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa ardhi na serikali yetu wakajenga shule ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976. Walilima, walifuga, walijenga. Mwaka 1992 walitukabidhi majengo, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Nilipokuwa nasoma nilipenda kwenda upande wa makaburi yao. Vijana waliozikwa mbali na mama zao. Pale hata mtu mwenye maneno mengi hunyamaza.

Sasa je, kivuli cha shule kilikwenda wapi? Kwa nilivyoona mimi, kila tulipoongeza madarasa tulipunguza miti. Mwaka 2002 ulipoanza mpango wa MMEM na ada ikawa imefutwa, watoto waliongezeka, matofali yakafyatuliwa na kuchomwa kwa kuni za pale pale. Mwaka 2016 elimu ikawa bila malipo mpaka kidato cha nne, watoto wakaongezeka tena. Kujenga darasa ni jambo la heri, silipingi. Nasema tu kwamba fundi akifika na kamba yake ya kupimia, mwembe hauna mtu wa kuutetea.

Kilosa tuna sababu yetu zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukaingia mjini, ukabomoa nyumba na kuzoa reli. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, na wapo waliokaa humo muda mrefu. Watoto wa wakati ule leo ni wazazi. Wanajua mtoto mwenye jambo moyoni hukaa vipi. Na sasa, tangu mwaka 2024, treni ya umeme inapita Kilosa, pikipiki zimejaa, mashine za kusaga zinanguruma. Maendeleo yana sauti kubwa.

Basi nikarudi kikaoni na hayo yote katika daftari. Kusema kweli sikuyasoma hata nusu, maana mzee mmoja aliinua mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Akasimama akatuonyesha kwa fimbo yake pembe ya darasa la tano. Akasema, "Hapo palikuwa na mwembe. Miaka ya sabini, wakati wa kisomo, mimi nikiwa na mke na mtoto mmoja, nilikaa chini yake jioni nikajifunza kuandika jina langu. Mwaka wa MMEM tuliukata. Shoka nililishika mimi mwenyewe." Kisha akakaa. Hakusema bustani ipandwe au isipandwe.

Wajumbe walikata shauri eneo ligawanywe. Nusu, kiasi cha mita 25 kwa mita 20, iwe bustani. Nusu iliyobaki iwe mahindi na mbaazi kwa ajili ya uji. Siku 15 zikawa 7. Yule mama aliyeniuliza swali alidai jambo moja liandikwe katika kumbukumbu za kikao: kwamba mtoto hatapelekwa bustanini kulima kwa adhabu, kamwe. Likaandikwa. Naliona ndilo lililo bora katika mpango mzima, na si mimi niliyelitoa.

Haya, sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana wapo wanaosikiliza wakiwa wajumbe wa kamati za shule zao.

Kwanza mahali. Usichague kwa kutazama tu, chagua kwa kusikiliza. Tulikaa pale asubuhi, mchana na saa ya mapumziko, watoto wakiwa na daftari wakiandika kila sauti wanayoisikia na inatoka upande gani. Tukaona kelele nyingi zinatoka uwanja wa mpira na barabarani, na harufu ya choo inakuja na upepo wa jioni. Kwa hiyo miti mikubwa tuliipanga upande wa uwanja, na viti tukavisogeza pembe ya mbali. Miti michache haizuii sauti kama ukuta, msidanganywe, lakini majani yanayotikisika yana sauti yao, nayo hufunika nyingine.

Pili, mwalimu aliye ofisini lazima aone ndani. Hili ni la usalama wa watoto na halina mjadala. Ua wa michongoma unafaa, lakini upunguzwe usizidi kiuno cha mtu mzima, na mashina ya miti yasafishwe matawi ya chini. Nyasi zifyekwe, maana nchi yetu hii ina nyoka. Kibwawa cha maji ni kizuri machoni, ila mbu watakushukuru wao kuliko watoto. Tukakiacha.

Tatu, udongo. Katika bonde la Mkondoa udongo ni wa kuletwa na mto, una rutuba, lakini pengine maji husimama. Chimba shimo la futi mbili, ulijaze maji jioni. Asubuhi yakiwa bado yapo, panda juu ya tuta. Mashimo ya miti tulichimba ya sentimita 60 kwa 60, kina hicho hicho, tukitenga udongo wa juu na wa chini. Ule wa juu tukauchanganya na debe moja la samadi iliyooza, tukaurudishia kwanza. Kazi hii tuliifanya Februari, ili masika ya Machi yakute mashimo tayari. Vuli kwetu usiitegemee kwa miti, huja ikaondoka kama mgeni asiyevua viatu.

Miti gani? Mwarobaini huvumilia ukame, tukapanda sita kwa umbali wa mita sita. Mkungu mmoja katikati, kwa kuwa matawi yake hutanda kama mwavuli. Mkwaju miwili. Na mpingo miwili, ingawa mpingo hukua polepole mno. Miaka 70 au zaidi hupita kabla haujawa gogo la kuuzwa. Watoto walipoambiwa hivyo walicheka, halafu wakagombania nani aushike mche. Jumla na michanganyiko mingine ilikuwa miche 17. Mkaratusi tuliukataa, unakunywa mno. Mwembe nao tulibishana. Kivuli chake hakina mfano, lakini msimu wa maembe hakuna utulivu, mawe yanaruka juu ya mabati. Tukaupeleka upande wa jikoni.

Chini ya miti tukaweka asumini, mrehani na mchaichai ukingoni kushika udongo. Ipo mimea ambayo shuleni haitakiwi hata kidogo. Minyaa, kwa sababu utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Mbono kaburi na mbarika, kwa sababu mbegu zake hutamanisha na zina sumu. Mnanaha vile vile. Ukiukuta umejiotea, ng'oa ukiwa umevaa kitu mkononi, kisha unawe.

Viti ni vya tofali za kuchoma, na kimoja ni gogo. Havikupangwa kutazamana. Watoto wenyewe ndio waliosema hivyo: mtu mwenye huzuni hataki kutazamwa usoni.

Kwa ndugu zetu wa Mikumi maneno haya yabadilishwe kidogo. Mji wenu umekaa kando ya barabara kuu ya Iringa, malori yanapita usiku na mchana, na mgongoni mna Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1964, ambayo jina lake limetokana na mikumi, ile mivumo mirefu ya nchi hiyo. Huko niliwahi kukosea vibaya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilisaidia shule moja kupanga bustani, nami, kwa ujuaji wa mtu aliyetoka chuoni juzi, nikapanga migomba na miembe kando kando. Kiangazi cha pili tembo wakaja usiku. Walikula migomba yote, wakavunja ua, na asubuhi watoto walikuta nyayo mpaka mlangoni mwa darasa la kwanza. Mlinzi wa shule alikuwa amenionya kabla. "Mwanangu, hiyo ni karamu unaandaa," aliniambia, nami nikatabasamu kwa adabu tu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Basi ninyi wa Mikumi msiweke kitu chenye tunda tamu ndani ya eneo la shule. Mwarobaini, ambao ni mchungu, unafaa, pamoja na pilipili ukingoni. Wapo wanaoshauri mizinga ya nyuki kwenye ua kuzuia tembo, na mashambani nimeona ikisaidia, ila kwenye bustani ya watoto kukaa kimya, hapana.

Kuhusu maji ya kumwagilia sina maneno mengi. Shule ile ilitumia maji ya kunawia mikono, yaliyokusanywa katika ndoo. Kila mche ulichomekewa chupa ya plastiki iliyotobolewa kifunikoni, mdomo chini, ikidondosha pole pole. Darasa la nne na la sita walipeana zamu. Mizizi tuliifunika kwa majani makavu, tukaacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwani mchwa hupenda kujificha humo.

Pamoja na hayo, mchwa walitula. Ilipofika Oktoba tulihesabu: katika miche 17, minne imeliwa na mchwa, miwili imeliwa na mbuzi walioingia pale ua ulipokuwa haujashikana. Imebaki 11. Mwenye mbuzi alifahamika, hakutozwa faini, aliambiwa alete miche miwili na samadi baiskeli mbili, akaleta. Mipingo yote miwili ni mizima, ina majani machache kama mzee mwenye meno mawili.

Kivuli bado hakipo. Tumesimamisha banda dogo la makuti juu ya lile gogo wakati tunasubiri miti. Nilipopita mwezi uliopita mapumziko yalikuwa yamekwisha, kengele imelia, na mtoto mmoja wa kike, wa darasa la tatu au la nne, alikuwa bado amekaa pale peke yake, viatu kavua, anachora mchangani kwa kijiti. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni mwa ofisi anamwangalia. Hakumwita. Alisubiri kama dakika tano hivi, mtoto akavaa viatu mwenyewe akaenda darasani.

Masika yakianza tutaziba mapengo yale sita. Wenye miche ya mkwaju, mzima na usiopungua futi moja, wawaone walimu wa shule zao. Na wiki ijayo, Mungu akipenda, turudi kwenye mbaazi na wadudu wake. Kwaherini.